Baibui la Nane

Walisimama wanawake saba kwenye mawe ya ziwa Kindai, picha ikatoka na wanane.

Tamimu alihesabu kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Wa tatu kutoka kushoto ni mkewe, Hanifa. Wengine sita ni wenzake wa darsa la Ijumaa. Wote walivaa mabaibui meusi, na wote wametoka weupe, jambo ambalo halikumshangaza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya infraredi. Ni mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, lakini kamera ikirekebishwa inauona. Humo majani ya miti yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga, maji ya ziwa yanakuwa meusi, na nguo nyingi nyeusi za dukani zinageuka nyeupe. Alikuwa amemweleza Hanifa habari hizo mpaka mwanamke akamwambia aioe hiyo kamera.

Wa nane alisimama nyuma ya bega la Hanifa. Baibui lake peke yake lilibaki jeusi.

"Hanifa! Hebu njoo. Huyu nani?"

Hanifa alikuja akifuta mikono kwa kanga, akainama, akatazama. "Sisi tulikuwa saba. Amne hakuja, mwanawe anaumwa."

"Basi huyu?"

"Tamimu, usinitanie mchana wote huu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshapanda shingoni. Akanusa. "Kuna harufu ya siki humu ndani. Umemwaga nini?"

Hakumwaga kitu. Naye aliisikia.

Sasa Tamimu huyu, bwana, hakuwa mtu wa kuona skrubu akaiacha ilivyo. Studio ya picha pale Singida Mjini aliachiwa na baba yake, na baada ya video mbili tatu za kwenye simu akaamua kamera ya zamani ya kidijitali haiwezi kukaa kabatini bure. Aliifungua mezani kwa bisibisi ya saa, akatoa kile kioo chembamba kinachozuia infraredi, akairudisha. Kamera ya kwanza aliiua. Ya pili ikawaka.

Kilichobaki ni filta ya kuzuia mwanga wa kawaida ili upite huo mwingine tu. Singida haipatikani, na Dar walimwambia asubiri miezi miwili. Subira hiyo angeitoa wapi? Video ikasema unaweza kutumia mkanda wa picha za rangi wa zamani, uliopigwa jua ukaungua, kisha ukasafishwa ukatoka mweusi tii. Macho hayaoni kitu ndani yake, lakini infraredi inapita.

Stoo ya baba yake ilikuwa na mikebe ya mikanda ya miaka arobaini. Mmoja ulizungushiwa plasta raundi nyingi, na juu yake mwandiko wa mzee: IMEUNGUA.

Hakwenda kumuuliza. Baba yake, Mzee Abdulmajidi, alikuwa chumba cha uani, macho yameingia ukungu, na jibu lake kwa kila kitu cha stoo lilikuwa moja tu: weka pale. Kwa nini umuulize mtu jambo ambalo jibu lake unalijua? Tamimu aliubandua ule mkebe, akakata vipande viwili vya mkanda, akavibandika mbele ya lenzi, akaielekezea rimoti ya runinga na kubonyeza. Taa ya rimoti, ile isiyoonekana kwa macho, ikawaka kwenye kioo cha kamera. Aliruka kwa furaha, wallahi, mtu mzima na ndevu zake. Kesho yake ndiyo akawapeleka wale wanawake ziwani.

Picha zilipigwa Jumanne. Jumatano saa saba, jua limesimama utosini, Hanifa alikwenda uani kuwapa kuku maji, na Tamimu akasikia ndoo ikianguka. Kuku tisa walikuwa wamelala kwa mstari kando ya ukuta. Kila mmoja shingo yake imenyongwa ikageuzwa nyuma, na kila mmoja kifua kimepasuliwa kwa kitu ambacho hakikuwa kisu. Damu ilikuwa bado inachuruzika.

"Paka?" Hanifa alinong'ona.

"Paka gani apange mstari?"

Ndipo wakasikia mlio ndani ya ukuta wa studio, krrr, krrr, krrr, mlio wa mtu anayevuta mkanda kwenye kamera ya zamani, ingawa kamera za namna hiyo ndani ya nyumba hiyo hazijaguswa miaka na miaka. Ulitoka ukutani ukapita chini ya miguu yao. Hanifa akasema, "Tamimu, nishike." Tamimu hakuwahi. Mwili wake ulinyooka, macho yakageuka, na aliporudi kumtazama mumewe alikuwa akitabasamu, na harufu ya siki ilitoka kinywani mwake.

Alitembea hadi jikoni. Sufuria ya mafuta ya alizeti ilikuwa motoni kwa ajili ya maandazi. Akatumbukiza mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo, akauacha humo, huku akimtazama Tamimu kwa utulivu, mpaka alipomvuta kwa nguvu zake zote na mafuta yakamwagika juu ya miguu yao wote wawili. Hapo tu ndipo Hanifa mwenyewe alirudi, akapiga yowe ambalo lilimtoa Mzee Abdulmajidi chumbani bila fimbo.

Mzee hakuuliza mkono. Alisimama mlangoni akinusa.

"Tamimu. Nani amefungua mkebe wangu?"

"Shikamoo, baba, ngoja kwanza, Hanifa ameungua..."

"Nimekuuliza mkebe!"

Walimfunga Hanifa kitambaa chenye asali, wakamlaza, akapotelea usingizini. Mzee aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na godoro.

"Mama yako hakufa kwa malaria. Nilikudanganya. Ulikuwa na miaka minne. Alipandwa na jini, wa kike, mrefu, nguo nyeusi. Siku ya kwanza aliua mbuzi. Siku ya pili alimtia mama yako mkono kwenye moto. Nikasema nitakwenda kwa mganga kesho, nina harusi ya kupiga picha. Nikapiga harusi ya watu." Akajifuta pua kwa kiganja. "Siku ya tatu mganga, bibi mmoja wa Mkalama, alifika, akaniambia nimpige picha huyo jini wakati ananitazama machoni, kisha nifungue kamera juani mkanda uungue wote, niusafishe utoke mweusi. Amefungwa gizani, akasema. Nikafanya. Jini akaingia. Lakini mama yako alikuwa ameshavunjwa shingo."

"Siku ya tatu," Tamimu alisema.

"Ya tatu. Leo kwa mkeo ni ya ngapi?"

Tamimu alihesabu kuanzia picha. Leo ya pili.

"Mimi sielewi ametokaje," mzee alisema. "Ule mkanda jua la Singida lote halipenyi."

"Kwa macho yetu halipenyi, baba." Tamimu aliketi sakafuni. "Kwa ile kamera yangu, ule mkanda ni dirisha. Niliweka dirisha mbele ya jua, nikamlenga mke wangu."

Mzee hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alimtuma stoo akalete kamera yake ya zamani na mkanda mmoja uliobaki, akaupachika mwenyewe kwa kupapasa. Mganga alishakufa. Dawa ya kufukiza hawana, dua wanazo. "Kesho jua likiwa utosini," alisema. "Wewe utamshika. Usimwachie hata akulilie kwa sauti ya mkeo."

Alhamisi saa saba Hanifa alitoka mwenyewe uani, peku, kitambaa cha mkono amekitupa. Alisimama kwenye jua bila kivuli. Tamimu aliangalia chini mara mbili kuhakikisha, na kweli, ardhi ilikuwa nyeupe mpaka kwenye nyayo zake.

"Abdulmajidi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekaa mahali padogo miaka mingi. "Umezeeka. Mimi nilikuwa nahesabu."

"Mshike!" mzee alipiga kelele, na Tamimu akamrukia kwa nyuma, akamkumbatia yule mwanamke ambaye jana tu alikuwa mwepesi wa kubebwa, naye akamtikisa, akampiga ukutani mgongo, akampiga tena mpaka plasta ya ukuta ikadondoka, na Tamimu hakuachia, damu inamwingia machoni, anasoma Ayatul Kursi na kuisahau na kuianza upya, huku mzee anakaribia na kamera usoni, hatua kwa hatua, akiita Bismillah, mpaka Hanifa akachomoa mkono wa kushoto, ule ulioungua, akashika vidole vya mzee juu ya kamera na kuvivunja, kimoja, kingine, kingine, kwa mlio wa kuni kavu, na mzee hakuishusha ile kamera, haki ya Mungu hakuishusha, bali alilia kama mtoto huku akisema, "Nitazame, mlaaniwa, nitazame mimi," na Tamimu akaunyaka ule mkono wa mkewe, akaukunja nyuma kwa nguvu za woga, akasikia mfupa unakatika mikononi mwake, mkono wa Hanifa, mkono uliomlisha.

"Tamimu, unaniumiza," alilia Hanifa, kwa sauti yake mwenyewe. "Mume wangu, niachie."

Hakuachia.

Yule kiumbe aligeuka akamtazama mzee. Kamera ikalia. Na kabla mzee hajaushusha mkono, mguu wa Hanifa ulimpiga kifuani, mbavu zikaingia ndani, akaanguka chali, akatapika damu, na kwa vidole viwili vya mkono ule vilivyobaki vizima akafungua mgongo wa kamera na kuuvuta mkanda wote nje, futi kwa futi, juani. Vioo vya studio vikapasuka vyote kwa mpigo mmoja. Hanifa akawa mzito, akalegea, akalala mikononi mwa Tamimu akipumua taratibu.

"Usafishe," mzee alisema. Damu ilijaa kwenye ndevu. "Ukitoka mweusi, amefungwa. Usafishe, mwanangu." Alikata roho kabla ya alasiri.

Walizika Ijumaa. Waombolezaji waliambiwa ameanguka kwenye ngazi, na walioosha maiti waliona vile vidole, wakatazamana, wakaendelea kumimina maji. Hospitali walimtia Hanifa plasta ngumu kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Hakukumbuka kitu. Alimlilia mkwewe kwa uchungu wa kweli, akamwuliza Tamimu nani amemvunja mkono, na Tamimu akaondoka kwenda kulia stoo. Siku ya tatu ilikuwa imepita, na mkewe yu hai. Alimshukuru Mungu kwa hilo mpaka paji la uso likauma kwa kusujudu.

Jumapili mchana alijifungia kwenye chumba cha giza cha marehemu. Dawa za kusafishia zilikuwa za zamani, kwa hiyo akazijaribu kwanza kwa kipande cha mkanda mwingine alichokipiga jua. Kikatoka cheusi tii. Dawa ni nzima. Akautia ule wa mzee, akahesabu dakika kwa saa ya simu, akaumwagia maji, akaufungua mlango, akauinua mkanda kwenye mwanga.

Haukuwa na kitu. Ulikuwa angavu kama maji ya kunywa toka mwanzo mpaka mwisho. Mkanda uliovutwa wote juani kweupe, mbele ya macho yake, haukuwa na doa moja, wala zile namba za kiwandani za pembeni hazikuwepo. Aliupitisha vidoleni mara ya pili, halafu ya tatu, akitafuta weusi hata wa ukucha.

Huko uani mtu alikuwa anatwanga.

Tamimu alisogea mlangoni. Hanifa alikuwa kwenye kinu, anatwanga karanga, mchi umeshikwa kwa mikono miwili, anaupandisha juu ya kichwa na kuushusha kwa nguvu. Vipande vya plasta vimetawanyika miguuni pake. Mkono wa kushoto ulikuwa unapinda pale katikati, mahali ambapo mkono haupindi, kila mchi uliposhuka, na jasho halikumtoka.

Alimwona mumewe, akaacha kutwanga, akatabasamu vizuri sana.

"Unaogopa nini? Njoo ule, mume wangu, chakula kiko tayari."

Lango la barabarani lilikuwa wazi, hatua kumi tu, na bodaboda zilikuwa zinapita. Tamimu alilitazama. Kisha akamtazama yule mwanamke, kanga yake, kovu dogo la utotoni kwenye nyusi, na akajua kwamba Hanifa yumo humo ndani, mahali padogo, anahesabu. Akaukunja ule mkanda mtupu, akautia mfukoni, akaenda akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono anawishwe.