Plasta Mbili za Mama Mdogo

Nyumbani walimwita Chapchapu, na jina hilo alilipata kwa jasho. Aliosha vyombo upesi mno hivi kwamba sufuria zilirudi kabatini zikiwa bado zinaukumbuka mchuzi. Akifagia uwanja, takataka zilibaki zikimtazama kwa mshangao. Jumamosi hiyo, baada ya kumaliza kazi za asubuhi kwa mtindo wake huohuo, alifuatana na mama yake mdogo, fundi wa kompyuta, hadi shuleni kwao.

Walimkuta mwalimu mkuu akiizunguka meza ya ofisi kama mtu aliyepoteza funguo. Seva ya shule, yaani ile kompyuta inayotunza kumbukumbu zote, ilikuwa na diski mbili zenye taarifa zilezile. Siku ya Alhamisi moja ilikufa. Iliyobaki ndiyo pekee yenye alama za darasa la saba za miaka mitatu, na alama hizo zilitakiwa ofisi ya elimu Jumatatu. Bila alama, hakuna wa kupangiwa sekondari. Chapchapu naye alikuwa wa darasa hilohilo.

"Tulia, Mwalimu. Kazi ya saa mbili tu hii," alisema mama mdogo.

Akaizima seva, akaifungua kwa bisibisi na kuichomoa diski iliyokufa. Akaichomoa na ile nzima, ili apulize vumbi lililojaa ndani. Akaiweka mezani kando ya diski mpya aliyokuja nayo. Zilifanana kama mapacha waliovalishwa sare, kwa hiyo akabandika kipande cha plasta nyeupe juu ya kila moja na kuandika: NZIMA, MPYA.

"Hii mpya ni kama jengo lisilo na kuta," alimweleza Chapchapu. "Tutaigawa vyumba kama vya mwenzake, ndipo tuhamishie mizigo. Wewe nifutie meza. Diski usiziguse."

"Sawa, Mama mdogo."

Mama mdogo akatoka na feni ya seva kuikung'uta nje, mwalimu mkuu akimfuata nyuma. Chapchapu akafuta meza. Kisha, kwa kuwa mkono wake haukuwa na breki, akazifuta na diski.

Plasta zote mbili zikang'oka na kunasa kwenye kitambaa kibichi.

Chapchapu akaganda. NZIMA ilikuwa ipi? Ile iliyo karibu na kikombe. Lakini kikombe si alikisogeza mwenyewe? Basi iliyo upande wa dirisha. Au hapana, hiyo ilikuwa ya kwanza kuifuta, na alianzia... alianzia wapi? Akasikia viatu vya mama mdogo mlangoni. Akabandika plasta moja huku, nyingine kule, akasimama wima kama askari wa gwaride.

Diski zikarudishwa ndani: yenye NZIMA nafasi ya kwanza, yenye MPYA nafasi ya pili. Seva ikawashwa. Ikanguruma, ikakohoa, ikakataa kuamka.

Mama mdogo akaingiza programu yake ya ukaguzi, akaisogelea skrini.

"Ajabu! Diski nzima haina hata chumba kimoja. Mpya ina vyumba vitatu!"

"Mpya ina vyumba kabla hujaijenga?" mwalimu mkuu aliuliza. "Nani kajenga?"

"Labda dukani wameniuzia iliyokwisha kutumika."

"Na ile nzima? Alama zimekwenda wapi, fundi? Ni virusi?"

"Virusi having'oi kuta na kuzihamishia kwa jirani, Mwalimu."

Mama mdogo akazima, akakaza nyaya, akawasha tena. Yaleyale. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaona yaleyale pia. Chapchapu alitazama sakafu. Huenda alizibandika sawasawa, alijiambia. Huenda kweli ni duka. Nusu ya kichwa ilisema sema, nusu nyingine ikasema subiri.

"Basi naisafisha hii ya nafasi ya pili, niigawe upya," alisema mama mdogo akijifuta jasho. "Ikiwa tayari, nitajaribu kuifufua ile nyingine."

Akabonyeza. Skrini ikauliza: *Vyumba vyote vitafutwa. Una uhakika?*

Kidole cha mama mdogo kikainuka.

"Hapana!" Chapchapu alipiga kelele. "Mimi sina uhakika!"

Kidole kikabaki hewani. Wote wawili wakamgeukia.

"Plasta ziling'oka, Mama mdogo. Nilizifuta diski. Nikabandika kwa kukisia."

Mama mdogo akaurudisha mkono mapajani, taratibu, kana kwamba kidole kilikuwa cha mtu mwingine. Akazima seva, akazitoa diski, akazibadilisha nafasi.

Seva ikaamka. Majina ya darasa la saba yakajipanga kwenye skrini, wanafunzi sitini na watatu, hakuna aliyepungua. Mwalimu mkuu akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Diski tupu ikagawiwa vyumba kwa vipimo vya mwenzake, na mizigo ikaanza kuhama: asilimia moja, asilimia mbili.

"Nisamehe," Chapchapu alisema kwa sauti ndogo.

"Nimekusamehe. Na mimi nina langu," mama mdogo alijibu. "Kila diski ina namba yake iliyochapwa kiwandani. Nilipaswa kuisoma, nikaamini plasta. Lakini sikiliza, mwanangu. Plasta kung'oka si dhambi. Ungeniambia palepale, tungesoma namba, tukacheka, tukaendelea. Ulichoficha kwa sekunde tano kilikaribia kufuta miaka mitatu ya wenzako. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajajenga juu ya kosa lako."

"Nimeelewa."

"Umeelewa upesi mno. Rudia, polepole."

Chapchapu akarudia, neno kwa neno. Kisha akaketi mbele ya skrini, akaisubiri asilimia mia moja bila kugusa kitu chochote.