Mbayuwayu Mwenye Pete ya Msimbazi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya tarehe 20 Mei, Bi Hind binti Humoud alikuwa akifungua kufuli la pili la duka lake la vitenge, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, aliposikia mtu akishuka ngazi mbili mbili. Alikuwa Candida, mpiga picha, mpangaji wake wa ghorofa ya tatu. Alikuwa peku.

"Shikamoo, Bi Hind. Nimeibiwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Umeibiwa nini?"

"Diski. Ile yenye picha zote za safari."

Bi Hind hakuuliza safari ipi. Mtaa mzima uliijua. Miaka nenda rudi Wazungu walikuja Tanzania na kamera zao kupiga picha za ndege, na watu wa Kariakoo wakawauzia maji na kofia. Mwaka huu Candida na wenzake wawili waliigeuza njia. Mwezi Aprili, majira ya machipuko ya huko, walipanda ndege hadi Romania, wakakodi gari, wakazunguka siku kumi na nane wakiwafuata korongo, keremkerem na mbayuwayu, ndege wale wale wanaokuja kwetu kila mwaka kukimbia baridi. Usukani alishika Eliakimu, dereva wa Buguruni, ambaye siku ya kwanza alizunguka kipilefti kimoja mara nne kwa sababu kila kitu kilikuwa upande usio wake. Bingwa wa ndege alikuwa Hillary, mtu wa makamo ambaye kwa miaka kumi na moja amekuwa akiwanasa ndege kwenye matete ya bonde la Msimbazi, akiwavisha pete ndogo zenye namba na kuwaachia.

Na huko Romania, kwenye zizi la farasi, Hillary alipiga picha iliyowatangaza redioni: mbayuwayu mwenye pete inayoishia na 418. Pete aliyoivisha mwenyewe Msimbazi, mwezi Januari.

Maonesho yalikuwa kesho yake, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mmoja wa Posta.

Bi Hind alipanda juu na Candida. Mlango haukuvunjwa. Kabati lilikuwa wazi, kama Candida alivyozoea kuliacha. Kamera mbili zilikuwepo. Lenzi ndefu kama mkono wa mtu ilikuwepo. Picha arobaini zenye fremu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimefunikwa shuka.

"Mwizi kaiona lenzi hii akaiacha?" Bi Hind aliuliza.

"Kachukua diski tu."

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na robo jioni. Nilifunga mwenyewe. Niliporudi usiku nililala moja kwa moja, asubuhi ndiyo nikaitafuta diski."

Funguo za chumba kile zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa wa Candida. Wa pili ulining'inia kwenye msumari dukani kwa Bi Hind, nyuma ya kaunta. Koplo Pius, mpelelezi aliyefika saa mbili na nusu, alipolisikia hilo aliandika kwa furaha.

"Jana jioni nani alikuwa kwenye kaunta?"

"Mimi," alisema Talha, mtoto wa kaka yake Bi Hind, mwanamume wa miaka thelathini na mbili. "Shangazi alipanda kuswali magharibi, nikamshikia duka."

"Na kazi yako wewe ni nini?"

"Nauza vifaa vya simu na kompyuta, Mtaa wa Aggrey."

"Diski zilizotumika?"

"Na hizo pia, Afande."

Koplo alifunga daftari. Saa tatu kamili Talha alitembezwa Narung'ombe nzima, askari huku na huku, majirani wakisimama milangoni. Bi Hind alisimama wima, mtandio wake umekaa sawasawa, hakufuta uso. Jengo lile lilijengwa na babu yake, na katika miaka sabini hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyewahi kuitwa mwizi.

"Afande Pius," alimwita kabla hajafika kona. "Rudi leo saa tisa alasiri. Mlete na mwanangu."

"Kuna nini saa tisa, mama?"

"Wewe njoo."

Aliposhika simu, kwanza aliongea na Talha mwenyewe, kwa ruhusa ya askari wa zamu.

"Nikiwa juu naswali, nani waliingia dukani?"

"Watatu, shangazi. Hamis, yule fundi fremu, alikuja kuomba kamba. Eliakimu alikuja kumchagulia mkewe kitenge. Na Hillary alisema anamsubiri Candida, hajui kama ameshatoka. Wateja walikuwa wengi, sikumtazama kila mtu."

"Wote wanaujua msumari?"

"Nani asiyeujua?"

Basi nafasi walikuwa nayo watatu. Ilibaki sababu.

Eliakimu alifika saa nne na nusu, kajawa na hasira.

"Shikamoo, mama. Nasikia na mimi ni mshukiwa."

"Marahaba. Candida kaniambia mligombana."

"Tuligombana, sikatai. Nimeendesha kilomita elfu tatu na mia nne upande wa kulia wa barabara, hata mkwaruzo hakuna. Halafu kwenye maonesho jina langu limeandikwa 'dereva', basi. Na mimi nilipiga picha! Za simu, lakini nilipiga."

"Ziko wapi?"

Eliakimu alitoa simu. Moyo wake ulilainika kadiri alivyozipitisha: korongo juu ya nguzo ya umeme, amejenga kiota kikubwa kama tairi la lori, keremkerem wanne kwenye waya, rangi zimeng'aa kama duka la kanga.

"Na hili ni zizi lile. Tulilala jirani yake. Hillary aliamka peke yake alfajiri, akarudi anapiga kelele kuwa kamuona 418. Mimi niliingia baadaye, saa tatu. Mbayuwayu walikuwa kumi na kitu, ila mwenye pete sikumuona."

"Nitumie hizi."

"Zote?"

"Za zizini. Na mwanangu, dereva wa safari kama ile si mtu wa kuandikwa neno moja. Nitamwambia Candida."

Saa sita kasoro robo Bi Hind alikwenda mwenyewe kwa Hamis, kwenye karakana yake nyuma ya Mtaa wa Sikukuu. Hamis alikuwa na gundi mpaka kwenye nyusi.

"Ningekuwa mwizi, ningeiba kazi yangu mwenyewe?" alisema. "Fremu ya mita mbili ile pale, inasubiri picha ya mbayuwayu. Jana saa kumi na moja jioni nilijaribu kuichapa kwa ile picha aliyonipa Hillary. Ilikuwa ndogo, imetumwa kwa simu. Ukiikuza inavunjika. Nikampigia Candida nikamwambia nataka picha yenyewe, iliyotoka kwenye kamera."

"Akajibuje?"

"Akasema iko kwenye diski, kwenye folda ya Hillary. Hajawahi kuifungua, lakini asubuhi ataifungua aniletee."

"Alikuwa peke yake akiongea?"

Hamis alifikiri. "Hapana. Hillary alikuwa pembeni yake. Nilimsikia akisema, 'Mwambie atumie hiyo hiyo.'"

Bi Hind aliomba kuona karatasi ya majaribio. Ilikuwa na upana wa mita moja. Ni kweli, kingo zilikuwa na ukungu, lakini katikati ndege alionekana vizuri: koo jekundu, pete mguuni, namba inasomeka. Bi Hind aliitazama pete kama kila mtu alivyoitazama. Kisha akafanya alichofanya kwa miaka arobaini kila alipofunguliwa robota la kitambaa. Aliacha kutazama palipopendeza, akatazama upindo.

Alitoa simu, akaziweka picha za Eliakimu kando ya karatasi. Alikaa pale muda mrefu, hata Hamis akamletea kigoda.

"Nikunjie hii," alisema mwishowe. "Naondoka nayo."

Saa nane alimwita Candida, akamwonesha karatasi na picha za simu. Candida alitazama. Akatazama tena. Kisha akaketi juu ya robota la khanga, mkono mdomoni.

"Nilitazama pete tu," alinong'ona. "Sote tulitazama pete."

Saa tisa kamili duka lilifungwa nusu. Talha alisimama karibu na Koplo Pius, shati limekunjamana. Eliakimu na Hamis walikaa kwenye benchi. Hillary aliingia wa mwisho, mkoba mgongoni, akamshika Candida bega.

"Pole sana, dada yangu. Miaka kumi na moja nimeisubiri picha ile moja, na imo kwenye diski ile."

"Kadi ya kamera yako huna?" Bi Hind aliuliza.

"Niliifuta, mama. Nilijua diski iko salama."

"Hebu nifundishe. Mimi ni muuza vitambaa, ndege siwajui." Alitandaza karatasi kaunta. "Huyu ulimpiga lini?"

"Tarehe pili Mei, alfajiri. Zizini."

"Na hawa walio kwenye simu yangu, Eliakimu aliwapiga siku hiyo hiyo, zizi hilo hilo. Tazama mikia. Kila mmoja ana manyoya mawili marefu, kama mkasi uliofunguka. Mapya, hayana hata mkwaruzo. Wako huyu mkia wake umepelea. Upande mmoja unyoya umechakaa, umekatika. Upande wa pili ndiyo kwanza unaota, mfupi, bado una ganda shinani."

"Ndege anaweza kukatika mkia, mama. Paka, upepo…"

"Kukatika, sawa. Na kuota?"

Hillary alimtazama Candida. Candida alisimama.

"Bi Hind, mbayuwayu habadilishi manyoya kule," alisema, sauti yake imetulia. "Anabadilisha huku kwetu. Anafika Novemba akiwa na matambara, anaanza kuyaangusha moja moja, na mpaka Machi anakuwa amevaa mapya. Ndiyo maana wakifika Romania wamependeza vile. Wewe ndiye uliyenifundisha, Hillary. Mkia kama huu ni wa Januari. Huyu alipigwa picha Msimbazi, siku uliyomvisha pete."

Hillary alishusha mkoba mgongoni, akaukumbatia.

"Na picha za Januari ulizihamishia kwenye diski pamoja na za safari," aliendelea Bi Hind. "Folda nzima, kwa haraka. Haikukusumbua mpaka jana saa kumi na moja, uliposikia Candida ataifungua asubuhi, akute matete ya Msimbazi na tarehe za Januari. Mwizi wa kawaida angeondoka na lenzi. Eliakimu angetaka kulipiza kisasi, angeharibu zile arobaini zilizo na fremu. Hamis, diski hiyo ndiyo aliyokuwa akiililia. Mtu mmoja tu alihitaji ipotee. Magharibi ulisimama hapa, Talha akikata vitambaa, ukanyoosha mkono msumarini. Ukapanda, ukashuka, ukaurudisha ufunguo."

Koplo Pius alipiga hatua. "Fungua mkoba."

Hillary hakusubiri kupekuliwa. Alitoa diski, imefungwa kwenye soksi, akaiweka kaunta taratibu.

"Ningeitupa baharini jana ile ile," alisema. "Nilifika mpaka Feri. Ikanishinda. Mna picha elfu tisa za Candida mle."

"Kwa nini, Hillary?" Candida aliuliza. "Tulikuwa na kila kitu. Korongo, keremkerem, safari yenyewe. Nani alikuomba uongo?"

"Pete elfu sita, Candida. Miaka kumi na moja na miguu yangu kwenye tope la Msimbazi. Unajua nimepokea barua ngapi kutoka duniani kwamba ndege wangu ameonekana? Hata moja. Watu wananiita kichaa wa matete. Siku ile zizini niliwatazama wote, mmoja mmoja, na darubini. Hakuna mwenye pete. Nikasema nitawaambia nyinyi wawili tu, mfurahi kidogo. Nyinyi mkaipeleka redioni." Aligeuka kwa Talha. "Ndugu yangu, nilijua wamekukamata. Nilijua toka saa tatu asubuhi. Hilo sina la kulisemea."

Koplo Pius alimfungua Talha pingu.

"Samahani, bwana Talha."

"Utaniombea radhi nje, Afande," alisema Talha. "Kwenye mtaa. Kwa sauti ile ile uliyonikamatia."

Na Koplo, si haba, alifanya hivyo. Alisimama katikati ya Narung'ombe, akalitaja jina la Talha na la babu yake, akasema mtu huyu hana kosa. Wauza mitumba walipiga makofi. Bi Hind alikuwa mlangoni, na safari hii alifuta uso.

Alhamisi, saa nne asubuhi, ukumbi wa Posta ulijaa. Waandishi walikuja kwa ajili ya mbayuwayu mmoja. Candida alishika kipaza sauti akawaambia ukweli wote bila kupunguza: ndege wa Msimbazi hakuonekana Romania, picha ile si ya kule, na mwenzao mmoja yuko mikononi mwa polisi. Wawili watatu walifunga kamera zao.

"Lakini tulikwenda," alisema, akainua kidevu. "Watu watatu wa Dar es Salaam tuliwafuata ndege wetu mpaka wanakozalia, na hizi arobaini ni za kweli, kila moja. Gari aliliendesha Eliakimu, na hizi sita tulizoongeza ukutani kushoto ni za kwake."

Waliofunga kamera walizifungua tena. Kwenye fremu ya mita mbili walikuwemo keremkerem wanne wa Eliakimu, ambao Hamis aliwakuza mpaka alfajiri ikamkuta, chenga zikionekana kidogo na yeye akiapa kwamba ndio uzuri wenyewe. Mama mmoja mwenye kikapu alisimama mbele ya fremu hiyo akasema, "Hawa si wale wa kwetu?" na Eliakimu, ndani ya koti la kuazima, akaanza kumweleza, mikono yake ikionesha barabara, milima na kona.

Bi Hind alizunguka taratibu, akisoma vibandiko. Mwisho wa ukumbi alikuta picha tatu za korongo wakiwalisha makinda, nzuri kupita kiasi. Chini yake paliandikwa jina la Hillary.

"Hukuliondoa?" alimuuliza Candida.

"Hizi alizipiga kweli, Bi Hind. Nilikuwa naye. Alilala kwenye nyasi zenye maji kwa saa nne nzima."

Bi Hind alizitazama tena, moja baada ya nyingine, kichwa, bawa na mkia, asione kasoro. Kisha akamwita Talha aje naye azione.