Ngoma Iliyofungwa Langoni

Zama zile misafara ya pembe ilipokuwa ikikata nchi ya Unyamwezi, mtemi wa Igunda aliasiwa. Alimtuma jemadari wake Kaswende, mgeni kutoka Uvinza, alilinde boma la Ibelele, lililolisha nchi nzima kwa mtama.

"Wakimfungulia Lubasha lango," mtemi alimwambia, "usirudi kwangu."

Lubasha, kiongozi wa waasi, alizaliwa Ibelele.

Kaswende aligawa chumvi na kaniki. Askari wake hawakugusa hata kuku wa mtu. Watu walipiga makofi ya heshima, wakashukuru; lakini alipopita, vicheko vilikatika. Siku moja alimsikia Bibi Nyanzobe kwenye kinu.

"Chumvi nzuri. Ila Lubasha angekuja na jembe."

"Na miguu yake ile ya korongo!" mwenzake akadakia, wakacheka hadi machozi.

Wivu ulimkwaruza Kaswende kifuani. Yeye hakuna aliyewahi kumtania.

Mvua iliponyesha, wanakijiji walilima kwa mstari, ngoma ikiwaongoza. Kaswende aliweka bunduki chini, akashika jembe, akalima mpaka viganja vikachubuka.

"Pole, bwana mkubwa," walimwambia. Kisha wakaendelea na wimbo wao, na jina lililokuwamo lilikuwa la Lubasha.

Hapo hakujizuia. Aliinyakua ngoma, akaifunga kwa ukanda wa ngozi, akaitundika langoni. Majembe yote yakasimama.

"Bwana, una hakika?" Nyanzobe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nina hakika. Haitalia tena."

Bibi alivua shanga zake, akajipaka majivu. "Basi Mungu ampokee."

Kaswende alidhani anadhihakiwa. Kesho yake asubuhi watu wote walikuwa wamenyoa vichwa, lango li wazi, na Lubasha amesimama ndani na mikuki mia, askari wa Kaswende wamekwisha kunyang'anywa bunduki.

"Jemadari," Lubasha alisema, "kwetu ngoma ya jembe hufungwa mtemi anapokufa tu. Naye akifa, kiapo chetu kwake kimekwisha."

"Mtemi yu hai!"

"Bibi alikuuliza kama una hakika."

Hawakumuua. Walimpa maji na unga wa njiani, akashika njia ya magharibi, asirudi tena Igunda.

Ibelele waliendelea kulima na kuimba. Baada ya ubeti wa Lubasha, wimbo ulipata ubeti mpya, wa mgeni aliyeshika jembe kana kwamba anaua nyoka. Ulipofika hapo, walicheka hadi machozi.

Kaswende hakuusikia kamwe.