Upepo Kwenye Geji

Lori lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Betri ilikuwa juu ya benchi, na koki za matenki ya upepo wa breki zilikuwa zimefunguliwa mpaka matenki yakaacha kupiga mluzi. Hata hivyo mshale wa geji ya upepo ulikuwa unapanda. Ulitoka sifuri, ukapita tatu, ukagusa sita, ukatulia kidogo, kisha ukarudi chini polepole. Halafu ukaanza upya.

Fundi aliutazama akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva, bisibisi mkononi. Alihesabu. Kupanda, nne, kushuka, tano. Alikuwa na watoto wawili nyumbani na mwendo ule aliujua. Ndivyo anavyopumua mtu aliyelala.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na gereji nzima ilikuwa na kelele za nyundo. Fundi hakuogopa. Mtu aliyeshika umeme wa magari miaka kumi na minane, mpaka wenzake wakamwita Geji, huwa na jibu la kila mshale. Alijiambia kwamba geji hii imekufa, na cha maiti hakishangazi.

"Kaka," aliita dirishani, "hili jambo tulimalize leo. Naweka geji ya skrini."

Kaka yake alikuwa chini ya lori, ikionekana miguu tu. Madereva wenzake walimwita Kona, maana hakuna kona ya mlimani aliyokuwa haijui kwa tabia zake. Alijibu bila kutoka kwamba skrini ni mtangazaji na mshale ni shahidi.

"Mtangazaji anasema alichoambiwa," ile miguu ilisema. "Shahidi alikuwepo."

Walikuwa wamebishana hivyo miaka mitatu, na Fundi alijua kwamba kaka yake hakukosa hoja. Geji ya zamani ililetewa upepo wenyewe: paipu nyembamba kama kalamu ilitoka kwenye tenki, ikapita chini ya sakafu, ikaja kusukuma mshale mbele ya macho ya dereva. Skrini haikuletewa upepo. Ililetewa habari za upepo, kwa waya, kutoka kwa sensa, kifaa cha kupimia, iliyofungwa hukohuko kwenye tenki. Ile ya kwanza ikikosea, imevuja. Hii ya pili ikikosea, imedanganywa.

Safari hii lakini haukuwa ubishi wa kusogeza muda. Siku tatu nyuma, Kona akishuka mlima na mzigo, mshale ulisema nane, yaani upepo umejaa, na wakati huohuo pedali ya breki ikazama kama mguu kwenye mto wa kulalia. Alilisimamisha lori kwa gia na kwa kuliegemeza kwenye ukuta wa mlima, ubavu mmoja ukachunika. Kesho alfajiri alitakiwa kushuka njia ileile, kilomita kumi na moja, kona kumi na tisa, akiwa na mitungi ya oksijeni ya hospitali iliyoko bondeni. Lori lake peke yake ndilo lililokuwa na kizimba cha kubebea mitungi hiyo, na mgonjwa anayehema hangoji ndugu wawili wamalize kubishana. Kwa hiyo kabla ya jua kuzama ilibidi ijulikane ni geji ipi ya kuaminiwa. Dereva asiyejua ana upepo kiasi gani mlimani ni maiti iliyoshika usukani.

Walipatana kama ndugu wanavyopatana, kila mmoja akapewa ushindi nusu. Skrini ifungwe, mshale ubaki, vishindanishwe.

Saa tisa skrini ilikuwa imekaa juu ya dashibodi na betri imerudishwa. Injini ikiwa bado imezimwa, skrini iliandika sifuri. Mshale ulisema nane. Kona akafunga koki, akawasha injini, wakangoja matenki yajae. Skrini ikapanda, mbili, nne, sita, nane. Na kadiri skrini ilivyopanda mshale ulishuka, hatua kwa hatua, mpaka ukalala kwenye sifuri.

"Kimoja kinadanganya," Kona alisema.

Fundi alikunja pua. Alikuwa amesikia harufu. Ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi minne. Akageuka kuangalia inakotoka, na ndipo akakiona kiti cha abiria, kile kiti chenye springi ya upepo ambacho hushuka kidogo mtu akikikalia na kupanda akiinuka, kikishuka bila mtu, taratibu, kwa ile sauti yake ya psss, kikatulia, halafu kikashuka tena kidogo, kama anavyofanya abiria wa safari ndefu anayejiweka sawa, ananyoosha miguu, anatafuta pa kuegemeza bega.

Kona naye alikuwa anakitazama. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Ulikuwa unajua," Fundi alinong'ona.

Kona alizima injini kwanza. Kisha akasimulia, sauti ya chini, akitazama mbele kama aliye barabarani. Siku ile kabla hajaanza kushuka alisimama juu mlimani apoze matairi. Ilikuwa adhuhuri, hakuna kibanda, hakuna mtu. Mlango wa abiria ukagongwa. Yeye alikuwa ameinama anatafuta chupa ya maji chini ya kiti, hakuinua kichwa. Akasema tu neno ambalo dereva husema mara mia kwa mwezi, akimwambia yeyote, mchuuzi au askari au mtu wa msiba anayewahi mazishi, neno ambalo halimgharimu kitu. Akasikia mlango ukifunguliwa, akasikia ukifungwa, akahisi kabini ikiinama upande ule kama inavyoinama mtu mzito akipanda, na alipoinuka na chupa yake mkononi hapakuwa na mtu, isipokuwa hiyo harufu, na mshale wa upepo unatetemeka.

"Ulisema nini?"

"Nilisema, panda, kiti kipo."

Fundi alifumba macho. Hata yeye, mtu wa nyaya na fyuzi, alijua lugha hiyo hutumika wapi kwingine. Jini nalo hupanda. Na mtu linayempanda huitwa kiti.

Shemeji, mke wa Kona, ndiye aliyempata mganga. Kumbe kila usiku kwa siku tatu mfululizo alikuwa akimsikia mumewe akihema kwa vituo, na alikuwa ameshauliza pembeni. Saa kumi na moja kasoro aliingia gerejini na mwanamke mfupi mwenye miwani na mkoba wa begani, ambaye kwa kumtazama ungedhani amekuja kukagua vyoo. Walimwomba apande aone. Akakataa. Alisema yeye hapandi mahali penye mtu. Akaketi juu ya ringi ya tairi, akawasikiliza wote kwa zamu, akauliza paipu inapita wapi na skrini inapataje habari. Alipoelezwa alitikisa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia.

"Hamna kinachodanganya hapo," alisema. "Skrini inaupima upepo. Mshale unampima."

Hakuna aliyecheka. Kona alijaribu. Aliuliza kama abiria huyo hawezi kushushwa kituoni kama abiria wengine.

"Huyo si wa kudandia, mwanangu. Aliambiwa panda, akaonyeshwa na kiti. Ana tiketi."

Akawaeleza mengine bila kupamba. Upepo wa kwenye matenki ndio pumzi zake sasa. Lori likisimama huvuta kidogokidogo. Mteremkoni hufurahi, na akifurahi huvuta wote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana pedali ilizama. Siku ile alikuwa mgeni bado, alivuta nusu. Kumfukuza hakuwezekani. Kumbembeleza kunawezekana, lakini huchukua siku saba, na hata hapo hushuka tu akipewa pengine pa kukaa.

Fundi akauliza swali la kifundi. Je, akiing'oa geji ya mshale, akaiziba paipu, wakabaki na skrini peke yake?

"Utakuwa umeziba dirisha, hujamtoa mtu. Atakuwemo, na hamtamwona."

Shemeji alisema neno moja tu, kwamba mumewe asiende. Kona akajibu kwamba hospitali imebakiwa na mitungi ya siku moja, na yeye hawezi kukaa nyumbani wagonjwa wakiishiwa pumzi. Alisema hivyo huku akimshika mkewe bega, na mkono ule ulikuwa unatetemeka kwa mwendo ambao Fundi aliutambua. Nne kupanda, tano kushuka. Mganga naye aliuona. Aliahidi kurudi asubuhi na vitu vyake, akaondoka akiwa amemshika Shemeji mkono, na Kona akaenda nyuma ya lori kukagua matairi, akipiga mluzi ili asikike kwamba haogopi.

Fundi akabaki kabini peke yake. Tuseme, bila mtu mwingine wa kuonekana.

Alifungua dashibodi, akaichomoa geji ya mshale, akafungua nati ya paipu. Ni desturi ya mafundi wote wa fani yake: paipu ikitoka, huwekwa mdomoni na kuvutwa, ili kujua kama imeziba. Hufanya hivyo hata kama kompresa ya kupulizia ipo, na kompresa ilikuwepo, hatua mbili kutoka mlangoni, imejaa. Aliitazama. Akamtazama kaka yake kwenye kioo cha pembeni, ameinama anagonga tairi kwa nyundo, mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli na kumlipia hasara ya kosa lake la kwanza na kumwambia baba yao kwamba mtoto huyu aachwe na nyaya zake. Kiti cha abiria kikatoa sauti ndogo, kama mtu anayegeuka kusikiliza. Fundi akaisogeza ile paipu mdomoni, na kabla ya kuvuta akasema ndani yake, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, "Panda. Kiti kipo," kisha akavuta, na kilichokuja hakikuwa na ladha ya oili wala ya kutu bali ubaridi, ubaridi mwingi kuliko paipu nyembamba namna ile inavyoweza kupitisha, ukajaza mdomo na koo na kifua mpaka mbavu zikalia, ukaendelea kuingia hata alipotaka kuacha, na mbele yake kiti cha abiria kikapanda polepole, psss, kama kinavyopanda abiria akishafika kwao.

Kisha kimya. Harufu ikakatika.

Alirudisha kila kitu, akawasha injini. Skrini nane, mshale nane. Kona alipanda, akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema kumbe ni uchafu tu kwenye paipu na ile mizimu ni ya njaa. Mkono wake haukuwa unatetemeka tena. Fundi aliitikia kwa kichwa.

Alfajiri lori liliondoka. Saa tatu asubuhi simu iliita gerejini: Kona amefika bondeni, kona zote kumi na tisa breki zimeshika kama mpya, mitungi inashushwa. Shemeji, aliyekuwa amesimama karibu na simu, alikaa chini kwenye saruji akalia.

Saa nne alikuja mteja mwenye lori jingine. Alitaka ushauri, aweke skrini au abaki na mishale yake. Fundi alikuwa na jibu refu kuhusu habari na shahidi. Mdomo ulijibu kabla hajaufungua.

"Weka skrini," ulisema. "Mshale unachongea."

Mteja alicheka, akadhani ni utani. Fundi hakucheka. Aliyasikia maneno yale kutoka pembeni, kama mtu aliyekaa upande wa abiria, ndani ya kichwa chake mwenyewe, akiangalia barabara bila kushika chochote.

Mteja alipoondoka, Fundi alibaki peke yake uwanjani. Mganga alifika na mkoba wake. Hakuuliza lori liko wapi. Alisimama getini, akamtazama kifua kikipanda na kushuka, na hakuongeza hatua.

"Hamjambo," alisema.

Fundi alitaka kujibu kama ajibuvyo mtu mmoja. Akajisikia akisema, "Hatujambo."