Peremende za Kitanda cha Tisa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alikoroga vijiko vitatu vya sukari katika kikombe cha maji, akamnywesha mama yake kitandani. Mama alikuwa fundi cherehani. Asipokunywa, jasho lilimtoka, ulimi ulikuwa mzito, na siku moja alishona mkono wa shati kwenye mguu wa suruali ya mteja. Watoto wa jirani walimwita Mama Chupa. Msichana alijua kwamba mama hajawahi kugusa pombe, lakini hakujua anaumwa nini. Zahanati mbili walizokwenda hazikujua pia.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa na wazo. Alimweleza mama, msichana na mama mdogo aliyewasindikiza kwamba nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, kinachotengeneza homoni ya insulini. Insulini huishusha sukari ya damu, na sukari ikishuka mno, jasho hutoka na akili huvurugika. Mtu mzima wa afya akikaa na njaa, kongosho lake hupunguza insulini. Lakini mara chache sana huota humo uvimbe mdogo usiojua njaa wala shibe, ukamwaga insulini saa zote. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, alikuwa ameuona mara nne tu.

Ili kupata uhakika, mama angelazwa na kukaa bila chakula, hata siku tatu ikibidi, akinywa maji matupu. Sukari ikishuka sana, damu ingechukuliwa papo hapo ili insulini ipimwe, ndipo apewe sukari.

Mchana wa siku ya pili, saa ya kuwaona wagonjwa, msichana alimkuta mama kwenye kitanda cha tisa akikodolea dari macho, shingo imelowa jasho. Muuguzi alikuwa amekwenda kumwita daktari. Mama mdogo alikuwa amenogewa na mazungumzo ya kitanda cha pili. Msichana alimenya peremende mbili, akamtia mama kinywani. Jioni alirudia.

Kesho yake daktari alisimama miguuni pa kitanda akisoma namba. Mara mbili sukari ilishuka, na mara mbili alipofika aliikuta imepanda yenyewe. Ugonjwa alioutafuta haufanyi hivyo. Alimuuliza mama kama amekula chochote. Mama aliapa hajala, na kwa jinsi alivyokumbuka, alisema kweli. Dakika zile zilikuwa zimefutika kichwani mwake. Daktari alifunga jalada. Angemruhusu aende nyumbani, kisha akaonane na daktari wa magonjwa ya akili.

Msichana alitazama sakafu. Akisema, mama atashinda na njaa upya. Akinyamaza, mama atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

“Daktari, nilimpa peremende,” alisema. “Jana mchana, na jana jioni.”

“Wewe! Na mimi nilikuwa hapa hapa?” mama mdogo aliuliza.

“Ulikuwa unaongea, mama mdogo.”

Muuguzi aligeukia dirishani kuficha kicheko. Daktari hakucheka. Aliuliza zilikuwa ngapi, saa ngapi, akaandika kila jibu. Kisha akaagiza mgonjwa apewe chakula, na kipimo kianze upya keshokutwa.

Safari hii msichana alikung’uta mifuko yake mlangoni bila kuambiwa. Saa ya kumi na nane ya njaa, mama alimtazama binti yake akamwita “shangazi”. Sukari ilikuwa mbili nukta moja, karibu nusu ya kawaida. Msichana alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Daktari alichukua damu kwanza, kisha akaingiza sukari kwenye mshipa. Haikupita dakika tano, mama akauliza nani amesogeza viatu vyake.

Majibu yalikuja. Insulini, iliyopaswa kuwa kidogo mno kwa njaa ile, ilikuwa juu sana. Sasa walijua cha kutafuta, na picha ilionyesha nukta moja kwenye mkia wa kongosho.

Baada ya upasuaji, daktari bingwa aliyemfanyia aliwaonyesha kichupa kabla hakijapelekwa maabara. Ndani mlikuwa na kitu chekundu, ukubwa wa harage. Alisema aliipapasa nyama laini ya kongosho kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, mpaka akagusa mahali pagumu. Alipoutoa uvimbe, walipima sukari kila baada ya dakika kumi. Ndani ya nusu saa ilianza kupanda, na mama yu usingizini, hajala kitu.

“Kidogo hivi?” msichana alinong’ona. Aliomba kushika kichupa, akapewa. Alikitazama muda mrefu.

Daktari wa kwanza alikuwa amesimama nyuma yake.

“Mwenzangu ana vidole hodari,” alimwambia, “lakini hawezi kumpasua mtu kwa kubahatisha. Namba za damu ndizo zilizotuonyesha njia, na namba huharibika mtu mmoja tu akituficha jambo. Ulimhurumia mama yako, sikulaumu. Ila usisahau, binti: siku ile nilikuwa nimeshafunga jalada. Nililifungua kwa sababu ulisema.”