Mkono wa Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na jiko langu liko nyuma ya ukuta huohuo. Kila kinachosemwa saluni nakisikia. Watu husema wanawake ndio wambea. Watu hao hawajawahi kupika nyuma ya ukuta wa kinyozi.

Zamani vinyozi walikuwa wawili, mume wangu na mdogo wake. Huyo mdogo tulimwita Wembe, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Mwenye upara akiingia, Wembe alimwuliza kama amekuja kunyolewa au kusalimia tu. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Yeye alinyoa, Wembe alichekesha, na wateja walijaa mpaka mlangoni.

Wembe aliishi nasi pamoja na binti yake. Mama wa binti alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, nami nikamlea kama wa kwangu. Ananiita mama mkubwa. Sasa yuko darasa la nne.

Kisha Wembe akaugua. Homa ilianza kama mzaha. Tulimpeleka hospitali, akalazwa, na hakurudi nyumbani. Sitalieleza sana hilo.

Tulipokwisha kuzika, mume wangu alifungua saluni mapema mno. Nilimwomba apumzike kidogo, akanijibu kwamba vichwa havingoji. Alichukua wateja wake na wateja wa Wembe pia. Alisimama tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Chakula alikigusagusa tu, ila kahawa alikunywa kikombe juu ya kikombe. Watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Nami, kusema kweli, nilimwonea fahari.

Siku hizohizo alitoa amri nyumbani. Jina la Wembe lisitajwe. Aliishusha picha yake ukutani, akaifungia kabatini. Alisema mtoto akilisikia jina la baba yake ataumia, na tukinyamaza atapona upesi. Hata wateja aliwakatiza. Mtu akianza kusema habari za marehemu, mume wangu aliwasha mashine ya kunyolea ili mlio uzime maneno. Basi tukanyamaza sote. Kila mmoja alidhani anamhurumia mwenzake.

Lakini mwili wake ulianza kusema. Kichwa kilimuuma kila siku. Tumbo lilimsokota. Usiku aligeukageuka kitandani, na asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala. Alisema moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Halafu hasira. Loo, hasira ile! Kijiko kikianguka jikoni, anafoka kama nyumba imeanguka.

Kisha akaanza kuilalamikia mashine. Alisema inatetemeka vibaya. Aliipeleka kwa fundi wa redio. Fundi akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, akasema haina ubaya wowote. Mume wangu akamwambia hajui kazi. Akanunua mashine nyingine. Nayo ikatetemeka. Akalaumu waya, akalaumu umeme, akalaumu hata meza. Nilimtania kwamba bado mimi tu sijalaumiwa. Zamani angecheka. Siku hiyo alitoka, akaubamiza mlango.

Aliyeumia zaidi ni mtoto. Binti ana macho ya baba yake na kicheko cha baba yake. Akicheka chumbani, ungeapa Wembe amefufuka. Na mume wangu hakuweza kuvumilia. Kila akisikia kicheko hicho alimfokea anyamaze. Hakumtazama usoni tena. Akipewa salamu aliitikia huku anaangalia ukuta. Mtoto akaacha kucheka. Baadaye akaacha hata kuongea. Alirudi kutoka shule, akala, akaosha vyombo, akajikunja kitandani.

Siku moja nilimkuta anaongea na shangazi yake kwa simu yangu. Shangazi huyo ni dada wa mume wangu, anakaa mji mwingine, mbali. Mtoto alikuwa anamwomba aje amchukue. Nilimwuliza kwa nini anataka kutuacha. Alinijibu polepole, bila kulia.

"Baba mkubwa hanipendi. Tangu baba afe, hapendi hata kuniona."

Shangazi alipiga simu jioni, akaniambia shule zikifungwa atakuja kumchukua. Nilimwambia mume wangu. Akasema labda huko mtoto atapata nafuu. Nilimtazama nikaona midomo inamcheza. Tulikuwa tumemzika Wembe. Sasa tulikuwa tunakwenda kumpoteza na mwanawe.

Siku chache baadaye alikuja muuguzi kunyolewa. Ni jirani yetu, mwanamume mpole anayefanya kazi zahanati. Ana kichwa kikubwa kweli, na Wembe alizoea kumwambia kwamba kichwa chake ni kazi ya watu wawili. Mimi nilikuwa jikoni. Nikasikia, "Aah!" Nikakimbia. Nilimkuta muuguzi ameshika sikio, damu inachuruzika shingoni.

Mume wangu alikuwa ameganda, na mashine bado inanguruma mkononi. Akaanza kuitukana mashine. Muuguzi alijibana sikio kwa kitambaa safi. Hakukasirika.

"Zima mashine," alisema.

Mume wangu akazima.

"Iweke mezani. Sasa nyoosha mkono."

Akaunyoosha. Mkono ulikuwa unatetemeka vilevile.

"Mashine ile pale, imelala," alisema muuguzi. "Sasa kinachotetemeka ni nini?"

Mume wangu aliutazama mkono wake kama si wake. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Tangu nimjue sijawahi kumwona amekaa pale. Nilifunga mlango wa saluni, nikageuza kibao cha nje ili watu wajue tumefunga.

Muuguzi alimwuliza habari za usingizi, chakula, kichwa, moyo na hasira. Pale mume wangu alipokwepa, nilijibu mimi. Kisha muuguzi akasema hali hiyo huitwa msongo wa mawazo. Mume wangu akamkatiza, akasema yeye si mwendawazimu.

"Hakuna aliyesema hivyo," alijibu muuguzi. "Msongo si wazimu, wala si uoga. Ukikutana na mbwa mkali njiani, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Mbwa akiondoka, mwili unatulia. Lakini wewe umemfungia mbwa ndani, unaishi naye. Mwili utatulia saa ngapi?"

Alieleza kwamba kila mtu hupata msongo. Mwenye kazi nyingi hupata, mwenye mgonjwa hupata, na aliyefiwa hupata zaidi. Ukiwa mdogo na wa muda mfupi, hauna neno. Ukikaa muda mrefu, unakula usingizi, unaharibu tumbo, unaleta hasira. Na hasira hiyo haimwangukii aliyeileta. Huwaangukia walio karibu.

Hapo mume wangu aliinamisha kichwa. Nilijua anamfikiria mtoto.

Muuguzi alimtaka kesho yake afike zahanati, kwa maana mkono unaweza kutetemeka kwa maradhi mengine pia. Nilimsindikiza mwenyewe, maana namjua, angekwepa njiani. Walimpima presha na damu, daktari akamkagua mkono. Hawakuona maradhi mengine. Wakamwambia arudi tena wamwangalie anavyoendelea.

Muuguzi akamfundisha mambo ya kufanya, na hakuna hata moja lililokuwa gumu. Alimfundisha kupumua. Unavuta hewa polepole kwa pua mpaka tumbo linajaa, kisha unaitoa taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Alimwambia afanye hivyo kabla ya kugusa kichwa cha mteja. Apunguze kahawa, hasa baada ya mchana. Ale kwa wakati. Jioni atembee kwa miguu, hata mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Afunge saluni mapema, na wateja wanaozidi awaelekeze kwa kinyozi wa mtaa wa pili. Hilo la mwisho lilimchoma, lakini alilifanya. Muuguzi alisema pia kwamba mtu akiona maisha hayana maana, au akitamani kufa, asingoje kesho. Amwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo, na aende kituo cha afya.

Wakati wa kuaga, muuguzi aliuliza jambo moja zaidi. Aliuliza kama tunamzungumzia marehemu nyumbani. Tulitazamana. Nikasema hapana, tunamlinda mtoto.

"Mtoto hajasahau kwamba baba yake amekufa," alisema muuguzi. "Mnamwacha tu akumbuke peke yake."

Mume wangu alianza kutembea jioni. Alianza kupumua kama alivyofundishwa, ingawa siku za kwanza alidai anajiona kama mpira unaovuja. Usingizi ukaanza kurudi, siku nyingine unakuja, siku nyingine haufiki. Mkono ukapata nafuu kidogo kidogo. Lakini jina la ndugu yake lilikuwa bado limekwama kooni. Na mtoto alikuwa bado kimya.

Shule zikafungwa, shangazi akaja. Tulikaa sebuleni wote. Binti alikuwa amevaa viatu tayari, begi liko miguuni. Chai ikapoa. Mume wangu aliweka kikombe mezani. Akavuta pumzi, akaitoa taratibu.

"Mwanangu," alisema, "sikuacha kukupenda. Kila nikikutazama namwona Wembe. Ndugu yangu. Nilishindwa."

Hapo akalia. Si kilio cha siri. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa siku ileile. Shangazi akajifunika uso. Nami nililia, wala sioni aibu kusema.

Binti alimwangalia usoni. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau.

"Mimi nimeanza kuisahau sauti ya baba. Nikiitafuta haiji. Niliogopa kuwauliza, nikadhani ninyi mmeshasahau zamani."

Mume wangu alinyanyuka, akaenda kabatini, akarudi na picha. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamwekea mapajani. Tukaanza kumzungumzia Wembe. Shangazi alisimulia jinsi alivyokuwa mkorofi utotoni. Mimi nilisimulia alivyozoea kuonja chakula changu na kudai kina chumvi nyingi huku anamaliza sufuria. Mtoto aliuliza, tukajibu. Akalia sana, mume wangu akamshika. Mchana ukapita, na hakuna aliyegusa begi.

Jioni shangazi alimwuliza anataka nini. Binti akavua viatu. Shangazi aliondoka siku iliyofuata, peke yake.

Sitawadanganya kwamba huzuni imekwisha. Zipo asubuhi mume wangu anaamka mzito, na mimi namwona mapema. Lakini sasa anasema. Ananiambia, "Leo Wembe amenielemea," nami nakaa naye kidogo kabla hajafungua saluni. Akihisi hasira inapanda, anatoka nje, anapumua, ndipo anarudi. Hafoki tena kama zamani. Sikio la muuguzi limepona, na bado anakuja kunyolewa, ingawa mimi ningekuwa yeye ningevaa kofia ya chuma.

Juzi aliingia saluni mteja aliyekuwa amehama miaka mingi. Hakuwa na habari. Binti alikuwa pale, anafagia nywele. Nilimsikia yule bwana anauliza kwa furaha, "Wembe yuko wapi? Leo nataka aninyoe yeye."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikasimama. Sikusikia mlio wa mashine. Nilisikia pumzi ndefu, kisha sauti ya mume wangu.

"Wembe alifariki, ndugu yangu. Bado hatujazoea. Huyu ni binti yake."

Yule bwana aliwashika mikono. Akawapa pole mmoja mmoja. Kisha akamwuliza binti kama yeye ndiye mtoto pekee wa Wembe. Binti akaitikia.

"Basi mimi siku uliyozaliwa nilikuwa hapa," alisema. "Baba yako alikuwa ameninyoa nusu ya kichwa. Wakaja kumwambia amepata binti. Alitupa kitana, akakimbia barabarani na aproni yake. Nikamwambia baba yako mkubwa animalizie, akakataa. Akasema mtoto ni wa Wembe na kichwa ni cha Wembe. Nilikaa hapa na nusu kichwa mpaka jioni, kila anayepita ananicheka."

"Aliporudi alisemaje?" aliuliza binti.

"Hakusema kitu. Mtu wa maneno vile, siku hiyo hakuwa na hata moja. Alisimama nyuma yangu, anacheka na machozi yanamdondoka, yananiangukia shingoni. Akanyoa upande uliobaki."

Nilichungulia mlangoni. Mume wangu alikuwa anapangusa macho kwa kiwiko. Binti aliegemeza fagio ukutani, akavuta kigoda mpaka miguuni pa yule mteja, akakaa.

"Simulia tena," alisema. "Anzia mwanzo."