Waya wa Tatu

Jioni ile Rodrick alishuka kutoka milimani mpaka kijiji cha Kisiwani, kule tambarare, kupeleka kiroba cha tangawizi, basi, hakuwa na lingine. Alipomaliza na mnunuzi aliona jua bado lipo lipo, akasema ngoja nipite kwa mjane wa Abdulmalik, nimuulize kama lile gitaa la marehemu linauzwa.

Huyo Abdulmalik alikuja Upareni kijana, kukata mkonge, gitaa kavu mgongoni. Akipiga peke yake ungeapa wako wawili, tena mmoja wao mwanamke. Wapigaji walimfuata na soda na sigara awafundishe tyuni yake, yaani namna alivyokaza nyaya. Alikunywa soda, akavuta sigara, akawacheka. Kisha akafa, mzima wa afya. Alikula chakula cha jioni akashiba, akalala, hakuamka.

Mjane wake, Bibi Shamimu, alikuwa ametoka eda juzi tu. Rodrick alimkuta mlangoni akichambua choroko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Ilitoka pumzi tupu. Kijiji kizima kilijua kwamba Bibi Shamimu hana sauti, ni mwaka wa thelathini na moja ananong'ona. Walisema ni ugonjwa wa koo.

"Siuzi," alinong'ona alipoulizwa. "Nakupa. Nitakufundisha mwenyewe, maana nimemtazama yule mwanamume nusu ya maisha yangu. Ukishajua, utanifanyia kazi moja."

Nani angekataa? Rodrick alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya usharika kule Gonja. Mwaka uliopita walishika mkia kwenye mashindano ya Same mjini, wakachekwa mpaka kwenye foleni ya pilau. Mashindano mengine yalikuwa yamebaki wiki mbili na ushee.

Jioni tatu mfululizo alishuka kwa bodaboda kujifunza. Ilikuwa aibu. Nyaya mbili zilikuwa zimeshushwa, mmoja umepandishwa, na kila alichokijua mkononi kikafa. Alishika pale alipozoea, ikatoka sauti ya paka aliyekanyagwa. Bibi alimchapa vidole kwa njiti ya ufagio, akamsogezea kimoja kimoja mahali pake.

Jioni ya tatu vidole vilielewa, na gitaa likafunguka.

Lakini ule waya wa tatu...

Ule haukulia kama waya. Kabla ya kulia, ulivuta pumzi. Kisha akaimba mwanamke, chini chini, ndani ya ubao. Rodrick alisisimkwa mpaka kisogoni. Alipoinua macho, Bibi Shamimu alikuwa analia.

"Kazi yangu ni hii," alinong'ona. "Legeza huo waya wa tatu."

"Si nitaharibu tyuni, bibi?"

"Legeza."

"Kwani mwenyewe huwezi?"

Alimwonyesha vidole. Kucha mbili hazikuwepo. "Hicho kifunguo cha kukazia waya hakigeuki kwa mkono usiopiga gitaa, na aliyekaza akiwa hai kinamtii yeye peke yake. Nimejaribu. Hata kwa koleo nimejaribu."

Rodrick alikigeuza. Kilizunguka laini, kama kilikuwa kinamngoja. Ikapita harufu ya chungu kilichofunikwa siku nyingi.

Bibi Shamimu akakohoa.

"Ah..."

Akashika koo.

"Aaaah!"

Sauti ya msichana, nyororo, ya juu. Mbuzi wa jirani waliinua vichwa. Bibi alicheka, akalia, akataja jina lake mwenyewe mara tatu kwa sauti kubwa. Kisha akamtazama Rodrick, na macho yake hayakuwa na huruma hata chembe.

"Nenda nalo. Ila bila sauti ya mtu huo ni ubao tu. Ukitaka liimbe, huo waya ukaze kwa sauti ya mtu."

Akafunga mlango.

Je, Rodrick alielewa? Tusimtetee. Alielewa nusu, na ile nusu nyingine aliikataa kwa makusudi. Njia nzima ya kupanda Gonja, ukungu ukimpiga usoni, alijiambia kwamba bibi wa watu amepona kwa furaha tu.

Sasa, kwaya yao haikuwa na kinanda. Kwa miaka sita, kila mazoezi, Rodrick alikuwa akikaza gitaa lake kwa sauti ya mkewe Eliaichi, mwanzishaji wa nyimbo. Eliaichi akitoa do, haihami. Hata mwalimu wa kwaya alikuwa akisema mwanamke yule kazaliwa na kinanda kooni.

Alimkuta jikoni akipepea moto, mtoto wao Fortunata amelala kwenye mkeka.

"Mama Fortu, nipe do."

Aliomba kama alivyozoea kuomba. Naye akatoa kama alivyozoea kutoa, bila hata kugeuka.

"Dooo..."

Rodrick akakaza. Waya ukapanda, ukapanda, ukaifikia ile sauti. Zikalingana.

Waya ukavuta pumzi.

Mdomo wa Eliaichi ulibaki wazi. Do ilikuwa bado inaendelea, lakini ilitoka kwenye gitaa.

"Rodrick," alinong'ona. "Rodrick, sauti yangu..."

Mkono wake ulikuwa pale pale kwenye kifunguo. Nusu mzunguko tu, mambo yangeisha. Lakini kwanza akapiga, mara moja, asikie. Na aliposikia, moyo wake ukaharibika. Haijawahi kutoka milimani kule sauti ya namna ile.

"Tumalize mashindano," alisema. "Wiki mbili tu, mama Fortu. Chukulia unapumzisha koo."

Eliaichi alipiga magoti. Alimshika miguu. Rodrick aliondoa mikono yake taratibu, akalifuta gitaa vumbi.

Walishika nafasi ya kwanza. Watu walilia machozi, wakauliza huyo mwanamke anayeimba kasimama wapi. Eliaichi alisimama mstari wa nyuma, ndani ya sare, mdomo umefungwa.

Kisha sharika nyingine zikawaalika. "Jumapili hii tu," Rodrick alisema. Halafu Pasaka ipite. Halafu warekodi kwanza. Eliaichi alijaribu kifunguo mchana mume akiwa shambani, mpaka ukucha ukang'oka. Hakikugeuka. Rodrick aliona kitambaa kidoleni, hakuuliza.

Fortunata naye aliacha kukimbilia jikoni. Akiangua kilio alikwenda kwenye gitaa, akaweka sikio juu ya ubao.

"Mama yuko humu," alimwambia baba yake.

Siku hiyo Rodrick aliumia. Kweli aliumia. Lakini kurekodi kulibaki siku nne.

Jioni iliyofuata Eliaichi alirudi jua likizama, viatu vyekundu kwa vumbi la tambarare, pembe ya kanga imefungwa fundo dogo.

"Ulikuwa wapi?"

"Kisiwani. Kwa Bibi Shamimu."

"Amesemaje?"

"Kwamba hata marehemu mumewe alikuwa akimwambia, mpaka Idi ipite." Alijifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. "Kila mwaka, mpaka Idi ipite."

Makande yalinukia nyumba nzima. Alipakua sahani moja, akaileta mwenyewe, akaiweka mbele ya mumewe kwa mikono miwili. Fundo la kanga lilikuwa limefunguliwa.

"Fortu yuko wapi?"

"Kwa bibi yake. Atalala huko."

"Na wewe huli?"

"Nimeshiba."

Gitaa liliegemea ukuta. Hakuna aliyeligusa, ila waya wa tatu ulivuta pumzi...

"Nicolaus atapita kesho asubuhi," Eliaichi alinong'ona. Nicolaus ndiye kijana mwingine wa kwaya anayepiga gitaa. "Nimemwomba aje aone hiyo tyuni."

Rodrick alitazama sahani. Alitazama gitaa. Hatua tatu, nusu mzunguko. Mkewe alisimama akimngoja, macho hayapepesi, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile alimsemesha kwa upole.

"Baba Fortu. Leo nakuomba mara ya mwisho. Legeza."

Rodrick akafikiria studio. Akafikiria jina lake.

"Tukisharekodi tu, mama Fortu. Siku tatu. Haki ya Mungu nalegeza."

Eliaichi aliitikia kwa kichwa. Akamsogezea kijiko.

"Haya. Kula, yasipoe."